Siku moja ya ruhusa kazini: bunge la jimbo lako huahirishwaje, na uende lini?

Jumapili moja ya mwezi wa Mei, saa mbili usiku, tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za mawe ndani ya jengo la bunge la Minnesota, mjini Saint Paul. Tulikuwa watu wazima kumi na mmoja, na watoto wawili waliokwisha kulala juu ya makoti. Tulikuwa tunasubiri muswada uliogusa kazi yetu ya kuhudumia wazee. Kwenye skrini tukaona nyundo imegongwa, wabunge wakainuka, ukumbi ukabaki mtupu. Tukasema basi, wameahirisha. Tukaamsha watoto, tukatawanyika, mimi nikawahi zamu ya usiku. Asubuhi nikawasha simu, nikakuta wabunge walirudi ukumbini kabla ya saa nne, wakaupigia muswada kura, na roshani ya wananchi haikuwa na hata mmoja wetu.

Kumbe walikuwa wamekwenda mapumziko tu. Neno moja sikulielewa, nikapoteza siku ambayo niliiomba kazini wiki tatu kabla. Tangu hapo nimejifunza kanuni hizi kama mtu anayejifunza ratiba ya basi. Ndugu na marafiki walioko Houston, Clarkston na Baltimore wananiuliza swali lile lile kila Januari: nina siku moja tu ya ruhusa, niende lini bungeni? Jibu linategemea jimbo, kwa sababu kila jimbo lina namna yake ya kufunga mlango. Hapa nayaweka manne yenye watu wetu wengi, Minnesota, Texas, Georgia na Maryland, uone lako linafanana na lipi.

Kwanza, ujue wamesema nini

Aliyekulia Tanzania anaijua hoja ya kuahirisha Bunge. Mkutano unapofika mwisho, Waziri Mkuu husimama pale Dodoma, hutoa hotuba, kisha huomba Bunge liahirishwe hadi tarehe fulani. Huko ndiko kuahirisha hadi siku maalumu. Kwenye mabunge ya majimbo ya Marekani jambo hilo lina ndugu wawili, na ukiwachanganya utaumia kama nilivyoumia mimi.

Ndugu wa kwanza ni mapumziko. Kikao kimesimama, hakijafungwa. Anayeongoza anaweza kutaja saa ya kurudi, au akasema watarudi atakapowaita. Hayo ya "nitakapowaita" ndiyo mabaya zaidi kwa mtu wa zamu, maana yanaweza kuwa dakika ishirini au saa tano, na hakuna anayelazimika kukuambia. Ukisikia mapumziko, usiondoke.

Ndugu wa pili ni kuahirisha bila kutaja siku. Wenyewe wanatumia Kilatini, sine die. Hapo mkutano mzima umekwisha, na muswada ambao haujapita ama umekufa ama umelala hadi mwaka mwingine, kutegemea jimbo.

Katikati kuna kuahirisha kwa kawaida, leo hadi kesho au hadi Jumatatu. Kunaonekana jambo dogo, lakini ndiko kunakofunga siku ya kibunge. Katiba za Minnesota na Texas zinataka muswada usomwe katika siku tatu tofauti kwenye kila baraza, maana bunge la jimbo lina mabaraza mawili, la Wawakilishi na Seneti. Baraza likipumzika tu, siku haijabadilika, na muswada haujasogea hatua. Likiahirisha na kukutana tena kesho yake, hatua imepatikana. Njia ya mkato ipo ila ni ghali: Minnesota inahitaji theluthi mbili za kura kuruka masharti hayo, Texas inahitaji nne kwa tano. Kwa hiyo anayeamua kama jioni hii ni mapumziko au ni kuahirisha ameshika pia mwendo wa muswada wako.

Na hoja ya kuahirisha ina nguvu kuliko inavyosikika. Kwa kawaida haijadiliwi. Inatangulizwa mbele ya karibu hoja nyingine zote, na wingi wa kawaida unatosha kuipitisha. Hata baraza lisilotimiza akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa kuwepo, ambalo haliwezi kupitisha muswada wowote, linaweza kuahirisha. Tuliliona hilo Minnesota Januari 2025. Baraza la Wawakilishi lina viti 134. Siku ya ufunguzi walikuja wabunge 67 wa Republican, na wale wa chama cha pili hawakutokea. Steve Simon, ambaye kama Katibu wa Jimbo ndiye huongoza kikao hadi Spika achaguliwe, akasema akidi ni 68, haijatimia, akaahirisha. Waliokuwepo wakakataa, wakaendelea na kumchagua Spika wao. Tarehe 24 Januari Mahakama Kuu ya Minnesota ikaamua kwamba akidi ni 68 kweli, na yaliyofanyika bila akidi yakaanguka. Watu wetu waliokuwa wameomba ruhusa kwa ajili ya wiki zile waliipoteza.

Manne kwa pamoja

| Jimbo | Muda wa mkutano | Muswada usiopita | Kuongeza muda |
|---|---|---|---|
| Minnesota | Siku 120 za kikao kwa miaka 2. Mwisho ni Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei | Huvuka kutoka mwaka wa kwanza kwenda wa pili | Hakuna. Gavana huita mkutano maalumu |
| Texas | Siku 140 za kalenda, mara moja kila miaka 2 | Hufa | Hakuna. Gavana huita mkutano maalumu wa siku zisizozidi 30 |
| Georgia | Siku 40 za kikao kila mwaka | Huvuka kutoka mwaka wa kwanza kwenda wa pili | Hakuna; ni mkutano maalumu tu |
| Maryland | Siku 90 za kalenda kila mwaka | Hufa | Tatu kwa tano ya kila baraza wanaweza kuongeza hadi siku 30 |

Tazama safu ya muda kwa makini, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotea. Siku 90 za Maryland zinahesabu Jumamosi, Jumapili na siku ya theluji. Siku 40 za Georgia zinahesabu zile tu ambazo bunge limekutana. Mkutano wa Georgia huanza Jumatatu ya pili ya Januari, na siku hizo 40 huweza kuvutwa hadi mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili. Mabaraza mawili hukubaliana kwa azimio siku zipi watakutana na zipi wataahirisha.

Tofauti hiyo niliiona vizuri zaidi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, majimbo yote manne yakapigwa na dhoruba moja.

Georgia walikuwa wametumia siku 29. Tarehe 13 Machi wakasimamisha mkutano, siku 11 zikiwa bado mkononi, kwa sababu siku ambayo hawakukutana haihesabiwi. Wakarudi tarehe 15 Juni. Katika kabati la Seneti kulikuwa na muswada wa uhalifu wa chuki, ambao ulikuwa umepita Baraza la Wawakilishi tangu Machi 2019 na kukwama hapo. Katikati ya kusimama kule, video ya mauaji ya Ahmaud Arbery, kijana mweusi aliyepigwa risasi akiwa anakimbia mazoezi karibu na Brunswick, ikaenea nchi nzima. Wabunge waliporudi, muswada ule uliokwama zaidi ya mwaka ukapita ndani ya siku chache, na gavana akautia saini tarehe 26 Juni, siku ile ile mkutano ulipofungwa. Kama Georgia ingehesabu kwa kalenda, mkutano ungekuwa umekwisha zamani na muswada umekufa nao, kwani 2020 ulikuwa mwaka wa pili.

Maryland, wiki ile ile, kalenda haikuwahurumia. Siku 90 zilikuwa zinaendelea kukatika watu wakiwa wamejifungia nyumbani. Tarehe 18 Machi wakaahirisha bila kutaja siku, karibu wiki tatu kabla ya muda wao. Lilikuwa jambo ambalo halijatokea tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Wakapitisha kwa haraka walichoweza, bajeti ikiwa mbele. Kila kilichobaki mezani kilikufa, na mwaka uliofuata kikaanza upya kwa namba mpya.

Minnesota walipunguza vikao wakaendelea kwa tabu hadi Mei. Texas? Bunge la Texas halikuwepo kabisa. Lilikuwa limefunga tarehe 27 Mei 2019, na gavana hakuliita. Lilikutana tena tarehe 12 Januari 2021. Mwaka mzima wa maradhi ulipita katika jimbo lile kubwa bila mbunge mmoja kusimama ukumbini kutoa hoja.

Texas: usisubiri mwisho

Kwa Texas nasema kwa sauti kubwa, kwa sababu ndugu zetu wa Houston na Dallas wengi hupanga kwenda wiki ya mwisho, wakidhani hapo ndipo penye moto. Moto upo, lakini si wa kwako. Muswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi ambao haujafika ukumbini humo kwa usomaji wa pili siku ya 122 umekwisha. Siku ya 122 huangukia katikati ya Mei, wakati mkutano bado una zaidi ya wiki mbili. Ukienda siku ya 139 utakuta wabunge wanapatanisha maneno ya miswada iliyokwisha kupita mabaraza yote mawili, na hakuna kamati ya kukusikiliza.

Siku yako ya Texas ni siku ya kamati, Machi au Aprili. Tatizo ni taarifa. Kamati ya Baraza la Wawakilishi hutakiwa kutangaza siku 5 kabla. Ya Seneti, saa 24 tu. Mwajiri gani atakupa ruhusa kwa taarifa ya saa 24? Kwa hiyo, ukiweza kuchagua, weka siku yako kwenye kamati ya Wawakilishi, na zungumza na mwajiri mapema kwamba tarehe kamili utaileta wiki hiyo.

Kuna pia mkutano maalumu, ambao kanuni zake za kufunga ni kali zaidi. Gavana ndiye anayeuita na ndiye anayetaja mada, na siku 30 zikiisha umekwisha, hata kama kura iko nusu. Juni 25, 2013, seneta Wendy Davis alisimama saa 5 na dakika 18 asubuhi kuzungumza bila kukoma kuupinga muswada wa kubana utoaji mimba, akijua kwamba saa sita usiku siku ya 30 inaisha. Kanuni haimruhusu kukaa, kuegemea meza wala kutoka kwenye mada. Alikuwa amevaa viatu vya kukimbilia vya rangi ya waridi. Usiku wakamkatiza kwa kumkuta na makosa ya kanuni mara tatu, lakini muda ulikuwa umeliwa. Katika dakika za mwisho watu kwenye roshani walipiga kelele hadi makarani wakashindwa kusikia majina, na kura ikakamilika saa sita ikiwa imepita. Karibu saa tisa alfajiri ikatangazwa kwamba muswada haukupita kwa wakati. Gavana Rick Perry akaita mkutano mwingine, na ndani ya Julai sheria ikapita. Mwenye uwezo wa kuita mkutano ana uwezo wa kufungua mlango ambao saa ilikwisha kuufunga.

Na katiba ya Texas, kama ya Minnesota na ya Georgia, inazuia baraza moja kuahirisha zaidi ya siku 3 bila ridhaa ya lingine. Usiitegemee sana kama kinga. Mei 30, 2023, mkutano maalumu ulipoanza tu, Baraza la Wawakilishi la Texas lilipitisha miswada miwili, likaahirisha bila kutaja siku, wabunge wakaenda zao. Seneti ikaachiwa ichague kuipokea ilivyo au kuiacha. Ikakataa, siku 30 zikaisha, na gavana akaita mkutano wa pili.

Minnesota: Jumapili ndiyo mwisho wa kweli

Hapa kuna mtego unaowanasa hata waliozaliwa hapa. Katiba inataja Jumatatu kuwa siku ya mwisho. Katiba hiyo hiyo inakataza kupitisha muswada katika siku iliyowekwa ya kufunga. Mwaka wa pili wa bunge, yaani ule unaogawanyika kwa mbili, hilo linafanya Jumapili saa sita usiku kuwa mwisho wa kweli. Kwa mwaka 2026, kwa mfano, Jumatatu ya mwisho ni tarehe 18 Mei, lakini kazi inakoma usiku wa tarehe 17. Mwaka wa kwanza mambo ni mepesi kidogo, kwa kuwa wanaahirisha hadi tarehe ya mwaka unaofuata, na Jumatatu yenyewe hutumika.

Mei 2024 tuliona Jumapili ya namna hiyo. Dakika zikiwa zinahesabika, mambo mengi yaliyokuwa yamebaki yalikunjwa katika muswada mmoja wenye kurasa zaidi ya 1,400, ukapigiwa kura huku wabunge wa upinzani wakipiga kelele kwamba hawakupewa nafasi ya kuusoma. Sikubaliani na kutunga sheria hivyo, chama chochote kikiwa ndicho kinachoongoza. Mama anayefua mashuka ya wagonjwa usiku kucha anastahili mbunge aliyeusoma ukurasa wenye jina la kazi yake.

Mwenye siku moja Minnesota aitumie kwenye kamati kabla ya tarehe za ukomo, ambazo mabaraza huzitangaza mapema na huangukia Machi na Aprili. Usiku wa mwisho nenda kama una siku ya pili, na nenda na chakula.

Muswada ukipita siku tatu za mwisho, kazi haijaisha, na hapa ndipo Minnesota inatofautiana vikali na Texas. Baada ya bunge la Minnesota kufunga, gavana ana siku 14. Asipotia saini, muswada umekufa kimya kimya. Texas ana siku 20, na akinyamaza muswada unakuwa sheria. Georgia nako siku ni 40, na kimya ni ndiyo. Kwa hiyo Minnesota zile wiki mbili ndizo za kupiga simu ofisi ya gavana, kila siku, kwa zamu.

Georgia na Maryland

Georgia usitazame tarehe, tazama namba ya siku. Kwa kawaida siku ya 28 ndiyo ya kuvuka: muswada ambao haujapita baraza lake la kwanza hapo umekwama kwa mwaka huo. Watu wa Clarkston, chagueni wiki moja au mbili kabla ya hiyo, mkiangalia kalenda ya vikao ya azimio, kwa sababu siku ya 28 huhamahama. Ikiwa ni mwaka wa kwanza wa bunge, mkichelewa muswada haufi. Unalala hadi Januari. Ikiwa ni wa pili, umekwenda.

Wana mapenzi makubwa na saa ya ukutani hawa. Mwaka 1964, katika ugomvi wa mipaka ya majimbo ya uchaguzi, mbunge Denmark Groover aliinama kutoka roshani ya Baraza la Wawakilishi, nusu ya mwili ikining'inia hewani, akainyoshea mikono saa ili aizuie isifike saa sita usiku na mkutano usifungwe. Saa ikaanguka, ikavunjika. Picha yake ipo hadi leo. Siku hizi wabunge huchana karatasi za ratiba na kuzirusha juu neno la mwisho linapotamkwa, na wasafishaji, wengine wao majirani zetu, hubaki kufagia.

Maryland ni rahisi kueleza. Mkutano huanza Jumatano ya pili ya Januari na kufungwa Jumatatu ya Aprili saa sita usiku. Karibu kila muswada hupata siku yake ya kusikilizwa kamatini, na nyingi huangukia Februari na Machi mwanzoni. Ruhusa ya kuongeza muda ipo kwenye katiba, ila tatu kwa tano ya mabaraza yote mawili si mchezo, usiipangie.

Ukiniuliza ningependa kanuni za jimbo gani, nitagawa jibu. Kwa mtu wa zamu, Maryland. Mwezi wa Desemba unaweza kuweka alama kwenye kalenda na mwajiri akakuelewa. Kwa muswada wenyewe, hasa muswada wa wanyonge usio na mtetezi mwenye fedha, Georgia, kwa sababu siku isiyotumika haipotei na mwaka wa kwanza unakuachia wa pili. Texas ingekuwa ya mwisho kwangu kwa vyote viwili.

Jimbo lako likiwa jingine, piga simu ofisi ya karani wa baraza. Namba iko kwenye tovuti ya bunge, na hujibiwa na watu wenye subira. Uliza maswali manne: mnahesabu siku za kalenda au za kikao? Muswada usiopita huvuka au hufa? Siku ya mwisho ya kuvuka baraza ni ipi? Na gavana akinyamaza baada ya kufunga, inakuwaje? Ukipata majibu hayo, andika tarehe, kisha nenda kwa msimamizi wako na fomu ya ruhusa.

Ukifika, kaa karibu na skrini. Nyundo ikigongwa, muulize mlinzi aliye mlangoni kama ni mapumziko au wameahirisha, kabla hujawaamsha watoto.